Kitanda cha Kuazima

11 Januari

Mke mwenzangu,

Shikamoo yako sijaipata tangu mvua za mwaka jana. Marahaba naitanguliza, utanilipa ukija.

Sisi wazima. Miguu inaniuma asubuhi, ikishapata joto inanyamaza yenyewe. Ghalani kazi imezidi, panya wa mwaka huu wana meno kama patasi, nashona magunia mpaka vidole vinakataa kukunja. Mwanao Chiriku kang'oka jino la mbele, ila kunyamaza bado hajajifunza. Mwalimu wake kaniambia, "Bibi, huyu anajibu hata maswali ya wenzake." Nikamwambia, basi mpe mshahara.

Sasa kaa chini. Kama umesimama, tafuta pa kukaa.

Tarishi wa mahakama alikuja na karatasi yenye jina lako. Kiswahili cha mahakama kinanikimbia, nikampelekea mwalimu mkuu akanisomea. Aliyekuwa mumeo, Bwana Vioo, amekushtaki. Anasema umemtelekeza mtoto, ukaenda mjini kufua mashuka ya hospitali, ukamwacha kwa "bibi mzee asiyejiweza, mshona magunia". Yeye ana nyumba, ana mke mpya, ana chumba kitupu kinachomsubiri mtoto. Anataka hakimu ampe.

Asiyejiweza! Mimi niliyekulea wewe tangu mama yako alipofariki hujaota hata jino, nikakusomesha, nikakuoza, na ndoa ilipovunjika nikakupokea na mimba yako. Huyo anakaa mtaa wa pili hapo, anakata vioo vya watu kutwa. Siku moja hajapita kuuliza kama mtoto ana viatu. Leo ndiyo damu imemwamsha?

Tafuta mtu anayejua sheria, upesi. Usije ukakaa huko unayalilia mashuka ya wagonjwa, yatafuliwa tena. Na usiwaendee wale wanaokaa nje ya mahakama na mashine ya kuandikia. Wale wanaandika hata ambacho hujasema.

Bibi yako asiyejiweza


2 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo, na ile ya mwaka jana, na za katikati zote. Mimi mzima. Mashine yetu kubwa ya kupigia pasi imeharibika, tunanyoosha mashuka kwa mkono, jioni mabega hayajui kama ni yangu. Mwenzangu ninayekaa naye chumba anakusalimu, anasema barua zako nimsomee kwa sauti. Na Chiriku, jino gani limeng'oka, la juu au la chini?

Bibi, karatasi ile nilipoambiwa nilikaa sakafuni palepale kwenye kufulia. Niliwaendea mawakili wawili. Wa kwanza alitaja bei kabla sijavuta kiti. Wa pili alinisikiliza huku anakula. Ndipo msimamizi wetu akanielekeza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, juu ya duka la viatu. Hawatozi kitu. Mabenchi yamejaa wanawake, kila mmoja na mtoto au na picha ya mtoto.

Wakili ni dada mdogo tu, lakini hakunikatiza hata mara moja. Nilidhani ataniuliza ubaya wa baba mtoto. Hakuuliza. Aliuliza nani anampeleka mtoto shule. Nani anamsuka. Akiumwa, nani anajua kinachomuuma kabla hajasema. Kila swali nilijibu, "Bibi." Mwisho akaweka kalamu chini.

Ameichukua kesi. Anasema mahakama itamtuma afisa wa ustawi wa jamii aje kuona mtoto anaishi vipi. Bibi, tafadhali, hili ni lake yeye wakili, si langu: usibadilishe kitu chochote. Akute nyumba ilivyo. Ukiulizwa, sema kweli. Na usimtukane baba mtoto, hata akiwa hayupo.

Najua utasema wakili wa bure. Mwenda bure si mkaa bure.

Mjukuu wako


20 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba zote, nimezipokea kwa mkupuo. Mwenzako wa chumbani mwambie barua zangu si redio.

Kuku mweupe kaangua. Paa la jikoni limevuja tena, nimepanda mwenyewe kuliziba, jirani wote wakatoka kunitazama kana kwamba ni sinema. Asiyejiweza huyo.

Wakili wako sina neno naye. Dada mdogo. Juzi alikuwa ananyonya, leo anatupangia la kusema. Mimi ukweli sijafundishwa na mtu.

Afisa wenu kaja. Mwanaume mwenye miwani na soksi za rangi. Nyumba nilikuwa nimeipiga deki mpaka ikajiona. Aliona kitanda cha mtoto na chandarua chake, aliona meza ya kusomea na kiti. Akauliza nina umri gani. Nikamwambia, "Wa kutosha." Akauliza nani atamwangalia mtoto nikiugua. Nikamwambia, "Nikiugua nitakwambia." Basi akaandika, akanywa maji, akatoka na Chiriku uani wakazungumza wawili. Nikawasikia wanacheka. Hapo roho yangu ikatua.

Sasa nawe nijibu neno moja, usinizungushe. Tukishinda, mtoto anabaki hapa kwangu, sivyo?

Bibi yako


9 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nafurahi kuku kaangua. Huku mashine imepona. Nimehama pia, nimepata chumba changu peke yangu, kina madirisha mawili na kiko karibu na shule. Mwenzangu alilia, halafu akaniomba sufuria.

Bibi, kitanda gani?

Wakili amepata taarifa ya afisa. Alinisomea polepole. Afisa alimuuliza mtoto uani, "Kitanda chako kizuri, unalala vizuri?" Naye Chiriku akamjibu, "Si changu, ni cha mtoto wa bucha, kinarudi jioni pamoja na meza. Mimi nalala na Bibi. Bibi anakoroma." Ndicho walichokichekea.

Lakini alichoandika hakichekeshi. Ameandika kwamba familia ya mama ilijaribu kuidanganya mahakama, kwa hiyo maneno yetu mengine yapimwe kwa uangalifu. Wakili wa baba mtoto ana nakala. Wakili wangu hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Tulikuwa na kesi nzuri. Sasa tuna kesi."

Nilikuomba usibadilishe kitu, Bibi. Nilikuomba.

Msalimie mama wa bucha.

Mjukuu wako


25 Machi

Wewe,

Wazima wote. Kuku wawili wamechukuliwa na mwewe.

Umenigombeza, nimesikia. Ngoja nami niseme. Sikuiba, niliazima. Mgeni akija unaazima sahani, unaazima kiti, unaazima hata sukari, na mgeni anajua, na wewe unajua kwamba anajua, na hakuna anayeitwa mwongo. Siku ulipoolewa viti vyote uani vilikuwa vya watu. Vijiko vya watu. Lile koti la Bwana Vioo lenyewe, nani asiyejua lilikuwa la kaka yake? Hakimu hakuitwa.

Ulitaka mgeni wa serikali akute nini? Kitanda kimoja chenye godoro lililobonyea katikati kama sahani? Aende akaandike kwamba mjukuu wangu kamwacha mtoto mahali pa namna hiyo? Nililinda jina lako, na huyo mtoto wako mwenye mdomo kama mfereji kalimwaga. Sikumchapa. Nilimwangalia tu, naye akaniuliza mbona namwangalia.

Haya, nilikosea. Nimeandika mara moja, usinitake niandike tena.

Sasa mimi nauliza, na hii ni mara ya pili. Nilikuuliza mtoto anabaki kwangu, ukanijibu kwa kumsalimia mama wa bucha. Na hicho chumba chenye madirisha mawili, karibu na shule. Wewe una shule gani? Unasoma?

Jibu.

Bibi yako


10 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza na kuichana mpaka karatasi zimeniishia, hii nimeomba kwa karani wa wodi.

Nilikuwa naogopa. Wakili aliniambia siku ya kwanza kabisa, alipoweka ile kalamu chini. Kesi hii ni ya wazazi wawili. Wewe si mshtaki wala mshtakiwa, ni shahidi. Alisema nikienda mbele ya hakimu nikasema mtoto abaki kwa bibi yake, nitakuwa nimethibitisha kwa mdomo wangu kwamba nimemtelekeza, na baba yake atampata palepale. Njia iliyopo ni moja. Niombe akae na mimi.

Ndiyo maana ya chumba. Nimekwisha ongea na shule, na msimamizi amekubali nifanye zamu ya asubuhi tu.

Tukishinda, Bibi, Chiriku anakuja huku.

Nilitaka kukwambia ana kwa ana. Huo nao ni uongo, nilitaka nisikwambie kabisa.

Tarehe 14 Mei utaitwa kutoa ushahidi. Sitaweza kuwepo. Kazini wamenipa ruhusa ya safari moja, nami lazima niitumie Juni nitakapoitwa mwenyewe na kusubiri hukumu. Wakili atakuwepo. Bila wewe hatuna mtu aliyemwona mtoto huyu akikua. Bila wewe nimeshashindwa.

Mjukuu wako, na usiniite "wewe" tu


29 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Posta nimekwenda tena leo, hakuna kitu. Nimempigia mwalimu mkuu, kasema wewe mzima na mtoto mzima, na kwamba barua yangu alikukabidhi mkononi.

Kama umekasirika, niandikie umekasirika. Nitaivumilia kuliko hili sanduku tupu.

Mjukuu wako


4 Mei

Marahaba.

Mtoto mzima.

Bwana Vioo alinifuata ghalani. Alikalia gunia la mahindi na suruali yake iliyopigwa pasi. Akaniletea soda, nikampa mpagazi. Akasema, "Bibi, nimekosa adabu kwenye ile karatasi, ni maneno ya mawakili tu."

Nikamwambia, "Sema lililokuleta, nina kazi."

Akasema, "Tusifichane. Akishinda mama yake, mtoto anapanda basi, na wewe unabaki na magunia. Nikishinda mimi, kwenye karatasi atakuwa wangu, lakini alale kwako, ale kwako, asome palepale. Mimi nitamwona Jumapili."

Nikamuuliza, "Karatasi utaila?"

Akainamisha kichwa. Akasema watu wanamsema. Baba mkwe wake mpya kila wakikaa anamuuliza damu yake inalelewa na nani. Nilimwona, mke mwenzangu. Hakuwa anaigiza. Aibu ilikuwa imemkaa shingoni.

Akasema hataki niongope. Niseme kweli tu, mama yake hajaja kumwona mtoto tangu lini.

Na kweli hujaja. Mvua za mwaka jana zilikukuta hapa, za mwaka huu hazikukukuta.

Nikarudi kushona. Alipoondoka nilijichoma kidole na shazia, sindano niliyoishika maisha yangu yote.

Wewe ulijua tangu Februari. Ukaniacha nipige deki, niazime vitanda, nipigane vita, na wala hukuniambia napigana ili ninyang'anywe. Yeye amekuja na kuniambia usoni.

Usiniandikie kabla ya siku hiyo. Usimtume wakili aongee nami. La kuamua nitaliamua mwenyewe.

Bibi yako


15 Mei

Mke mwenzangu,

Hukuwepo, kwa hiyo nakuandikia kabla wakili hajaipamba.

Nilivaa gauni la msibani, ndilo pekee lisilo na kiraka. Mahakama yenyewe ni chumba kama darasa, feni moja, na harufu ya karatasi zilizolowa zikakauka. Wakili wako nilimkuta ukumbini na viatu mkononi, kisigino kimekatika. Nikakishona kwa uzi wangu pale pale kwenye benchi. Kisha akanionya, "Bibi, jibu ulichoulizwa, halafu funga mdomo." Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuwa na mdomo huu muda mrefu kuliko wewe."

Aliniuliza yale yale aliyokuuliza wewe. Shule, kusuka, homa. Nikajibu. Hayo ni maji ya kunywa.

Halafu akasimama wakili wa Bwana Vioo, mtu mnene mwenye sauti tamu. Akaanza na kitanda. "Bibi, kile kitanda kilikuwa cha nani?"

Nikasema, "Cha mtoto wa bucha. Nilikiazima kwa sababu niliona haya. Mama yake mtoto alinikataza, nikafanya kwa kichwa changu. Mtoto analala na mimi, na nani anampiga nani mateke usiku, hilo tunajua wenyewe. Kuna jingine?"

Watu wakacheka. Hakimu, mama mmoja mwenye uso wa kuchoka, akasema tutulie, lakini niliuona mdomo wake.

Kisha akauliza lile jingine. "Mama wa mtoto, tangu mvua za mwaka jana zilipokwisha, amekuja kumwona mwanawe mara ngapi?"

Nikasema, "Hajaja."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akatabasamu, akafunga jalada lake. Wakili wako akaangalia meza. Bwana Vioo akanitazama, akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayeshukuru msikitini au kanisani bila kutoa sauti. Na mimi nilikuwa nimeonywa: jibu ulichoulizwa, funga mdomo. Nikafunga.

Nataka ujue kimya kile kilivyokuwa. Hakuna aliyeniambia nishuke. Hakimu alikuwa anaandika, kalamu inakwaruza. Na muda wote kalamu ile ilipokuwa inaandika, mtoto alikuwa wangu. Angerudi shuleni mchana, angetupa mkoba mlangoni, ningemfokea auokote. Ilikuwa nimeshinda mimi. Na sikuwa nimeongopa hata neno.

Nikasema, "Mheshimiwa, sijamaliza."

Yule mnene akaruka, "Shahidi amekwisha jibu!" Hakimu akamwambia akae.

Nikasema, "Mama yake yuko mwendo wa kutwa nzima ya basi, kazi yake haimpi ruhusa, na hajaja. Lakini muhula haujafunguliwa mtoto huyu akakosa sare, na kwenye barua ananiuliza jino gani limeng'oka. Baba yake yuko mtaa wa pili. Nikipiga chafya uani kwangu anasikia dukani kwake. Naye muulizeni amekuja mara ngapi."

Hakimu akamgeukia. Bwana Vioo akasema shughuli zilimbana.

Nikasema, "Alikuja mara moja, ghalani kwangu, si kwa mtoto. Aeleze alikuja kuniahidi nini."

Hakueleza. Nikaeleza mimi, neno kwa neno, kwamba kwenye karatasi mtoto awe wake, lakini alale kwangu. Sikuongeza chumvi. Nilisema na lile la baba mkwe, maana ni la kweli na lilimtoa moyoni. Alifunika uso. Sikupenda kuliona, lakini nililisema.

Mwisho hakimu akaweka kalamu. Siku hizi naziogopa kalamu zikiwekwa. Akaniuliza, "Bibi, wewe mwenyewe unataka mtoto akae wapi?"

"Kwangu," nikasema. Nilikuwa nimeapa.

Kisha nikasema, "Hilo ni la kutaka, Mheshimiwa. Lakini mimi nilishalea wangu. Mama yake huyu yupo, mzima, ana chumba na ana mikono. Malezi kafundishwa na mimi. Akikosea, mniite."

Basi nikashuka. Miguu ilikuwa imeanza kuuma, nikaifokea.

Usiniandikie kunishukuru. Bado nimekasirika na wewe, na nitakuwa hivyo mpaka nitakapochoka.

Bibi yako


3 Julai

Mke mwenzangu,

Tangu hukumu isomwe ukapewa mtoto na ukarudi kazini, hapa ni kelele za kufunga mizigo. Kuku amebaki mmoja, mchoyo wa mayai. Bwana Vioo alikuja Jumapili, kama hakimu alivyompangia. Alikaa uani na mwanawe, hajui la kusema, yeye ndiye akawa anahojiwa. Aliondoka na swali hajalijibu, la kwa nini vioo vinakatwa na havilii. Aje tena. Atajifunza.

Ulipokuwa hapa Juni tulikaa kama watu wa matanga, kila mmoja anamwogopea mwenzake. Ulifua nguo zangu zote bila kuombwa. Niliona.

Sasa sikiliza. Ukimsuka, usiwe na haraka, atakuuma. Uji anaukataa ukiwa na moto, anaukataa ukiwa baridi, katikati hapo una nafasi ndogo. Akisema tumbo linamuuma asubuhi ya shule, hana kitu. Akinyamaza, usingoje, mpeleke kwa daktari.

Shule zinafungwa Ijumaa. Njoo Jumamosi, uje mwenyewe, usitume mtu. Stendi sitawasindikiza, nitakuwa ghalani, kuna shehena. Msije kunipungia mikono mbele ya wapagazi.

Chiriku hakutaka kwenda. Alijifungia chooni mpaka jirani wakalalamika. Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba haendi kulelewa, anakwenda kukulea wewe, kwa sababu uko peke yako mjini na hujui hata kuwaamsha majirani. Akafungua. Akaanza kupanga atakufundisha nini. Kwa hiyo akikuuliza kama ni kweli, kubali.

Jana tukiwa tunakunja nguo zake akaniuliza, "Na wewe Bibi, anabaki nani wa kukulea?"

Nikamwambia kandambili zake ziko juani, akazianue. Akazianua. Akarudi, akauliza tena. Mtoto ana kichwa kigumu, sijui kakirithi kwa nani.

Njoo Jumamosi asubuhi na mapema, kabla sijaulizwa mara ya tatu.

Bibi yako